Uji, Kidonge na Sukari ya Mume Wangu

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye kiti cha kliniki, mkono mmoja shingoni, ukisubiri jina lako liitwe vibaya: mimi nilikaa kwenye viti hivyo katika miji mitatu. Siwezi kukueleza tezi inavyofanya kazi. Hayo waulize wenye kazi yao. Ninachoweza kukueleza ni jinsi mtu anavyoishi na ugonjwa huu nyumbani, na mume, na mtoto, na mtu mwingine anayeujua mwili wako kuliko unavyoujua wewe. Nilikuwa na magonjwa mawili. Wa kwanza ulikuwa tezi. Wa pili ulikuwa wivu, na huo hauna kidonge.

Tulianzia Louisville, Amerika, mimi, mume wangu ambaye kila mtu humwita Papa Riziki, na Riziki mwenyewe, binti yetu wa pekee, aliyezaliwa kambini Kigoma wakati tulipokuwa tumeshaacha kuomba mtoto. Kwetu ni Uvira. Huko ndiko nilikomaliza sekondari, kisha vita vikanifundisha kuhama, nikahama mpaka kuhama kukawa tabia. Hata mahali penye amani, misimu miwili mitatu ikipita nyayo huanza kuniwasha. Nikiwa hapa natamani pale, na nikifika pale nalilia kule nilikotoka.

Mimi na mume wangu tulifanya kazi kwenye ghala moja upande wa Okolona, kupanga maboksi. Yalikuwa majira ya joto ya mwaka 2014, kwa hiyo nilipoanza kulowa jasho sikushangaa. Wote walilowa. Majani yakaanza kudondoka, wenzangu wakavaa masweta, mimi bado nalowa. Baridi ikaingia kabisa, nikawa nalala na dirisha wazi.

"Mama Riziki, unataka kuniua?" Papa Riziki aliniuliza asubuhi moja, amevaa kofia kitandani.

"Jifunike."

"Nimejifunika mpaka blanketi ya mutoto. Amesema anaitaka."

Nilikula ugali kama mbeba mizigo, na nguo zikazidi kunipwaya. Moyo ulikimbia hata nikiwa nimekaa. Mikono ilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikawa kinagonga meno. Kanisani wengine walinisifu: "Amerika imekupenda, umerudi musichana." Wengine walimtazama mume wangu kwa huruma, wakanitazama mimi, wakanong'ona. Nilijua wanadhani ni ugonjwa gani.

Hapo ndipo wivu ulipoanza, na haukuwa wa mwanamume. Niliwaonea wivu watu wenye mikono minene. Kulikuwa na mama mmoja aliyesinzia kila mahubiri, kidevu kifuani, ametulia kama gunia la unga. Sijawahi kumwonea mtu mwenye nyumba wala gari wivu niliomwonea yule mama kwa usingizi wake.

Daktari, kupitia mfasiri wa simu, aliniambia kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, na inauchoma mwili wangu kama jiko lisilozimwa. Nilipewa vidonge vya kuipunguza nguvu na vingine vya kutuliza moyo. Moyo ulitulia kidogo. Nyayo hazikutulia. Nilisikia kwamba Columbus kuna Wakongo wengi na duka linalouza sombe, yale majani ya muhogo, na ndakala wakavu, dagaa wa kwetu, na kabla ya majani kurudi mitini tulikuwa tumeshapanga nyumba mtaa wa Linden, yenye ngazi zinazolia na jirani anayepiga gitaa.

Lakini kabla sijafika Columbus, nieleze kuhusu sukari.

Papa Riziki aligunduliwa kuwa na kisukari tukiwa kambini. Tangu siku hiyo sukari yake ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemkatia ugali, nusu ya ule alioutaka. Mimi ndiye niliyempa vidonge katikati ya chakula, tukila sahani moja, kama nesi wa kambi alivyotufundisha, ili visimvuruge tumbo. Jioni nilimwosha miguu na kuikagua hadi katikati ya vidole, kwa sababu mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asijue. Wanawake wengine wana mume mwenye shamba au duka. Mimi nilikuwa na mume mwenye sukari, na nilijua kila kona yake.

Columbus tulikutana na Moraa. Alikuwa Mkenya, Mkisii, aliyekuja kusoma unesi akabaki. Umri wake ulikuwa thelathini na kitu, hana mume, ana gari, na ana meno yanayoonekana yote akicheka. Mchungaji ndiye aliyetutambulisha, kwa wema tu. "Huyu dada ni nesi," alisema. "Atawasaidia." Laiti angetutambulisha kwa fundi bomba.

Niwe mkweli: alitusaidia. Alinipeleka kliniki na gari lake, akakaa nami kwenye vyumba vya kusubiri, akanieleza kwa Kiswahili kile ambacho mfasiri wa simu alikuwa amekifupisha. Siku ya kwanza tu, tukiwa bado kwenye maegesho, alinishika mkono.

"Mama Riziki, skiza. Hizi dawa zako, ukishikwa na homa na koo ianze kuuma, usikae hapo ukikunywa tangawizi ati itapita. Unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Umeskia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

Nikasema tena, kama mtoto wa shule. Halafu akageukia kiti cha nyuma. "Na wewe Baba Riziki, sukari unapimanga na nini?"

Mume wangu akacheka. Tulikuwa na kile kipimo kidogo cha damu, tulipewa Louisville, kikalala kwenye droo kwa sababu hakuna aliyetuonyesha kukitumia. Moraa akasema atakuja Jumamosi.

Akaja Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata. Baada ya hapo nyumba yangu ikajaa maneno mawili: Moraa amesema. Moraa amesema juisi ya machungwa ni sukari tu. Moraa amesema mtu atembee kidogo baada ya kula. Mimi nilikuwa nimemwambia atembee tangu Kigoma! Yakitoka kinywani mwangu yalikuwa kelele. Kinywani mwa Moraa yakawa sayansi.

"Na mimi nilisema nini?" nilimuuliza.

"Ulisema, bon, sawa, lakini hukueleza sababu."

"Sababu ilikuwa mimi ni mke wako."

Akacheka, akadhani ninatania.

Majira ya kuchipua yalipofika niliamka koo likiuma na mwili ukiwaka. Nilichemsha tangawizi na limao. Nilijua alichoniambia Moraa, na kwa sababu ni yeye aliyekisema nilitaka kuona kama tangawizi itamshinda. Papa Riziki akampigia simu nikiwa nimelala. Moraa alifika akiwa bado na sare za kazi, akamwaga chai yangu kwenye sinki mbele ya macho yangu, akanipeleka hospitali. Walipima damu wakakuta chembe zinazolinda mwili zimeshuka sana. Vile vidonge ndivyo vilivyozishusha. Vikasimamishwa palepale, nikalazwa, nikachomwa sindano za kuzuia maambukizi. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu mambo yangekuwa mengine.

Ni vigumu kumchukia mtu aliyekuokoa. Lakini si vigumu sana.

Kwa hiyo wewe unayetumia vidonge hivyo, mkumbuke Moraa hata kama humpendi. Homa na koo: hospitali, siku hiyohiyo.

Kwa kuwa vidonge havikuwezekana tena, waliamua kuiua tezi kwa dawa yenye mionzi. Majira ya joto nilikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mtaalamu mwenye glavu akanifungulia chombo kizito cha chuma, ndani yake kidonge kimoja tu, kama peremende. Nikakimeza kwa maji. Sikuhisi chochote. Akarudi nyuma hatua kadhaa, na hapo nikaelewa kwamba sasa mimi ndiye wa kuogopwa.

Masharti yalikuwa haya: nilale peke yangu. Niwe na sahani yangu, kijiko changu, taulo yangu. Nikae mbali na watu, na mbali zaidi na mtoto, mpaka zaidi ya juma lipite. Kwetu, mtu anayekula peke yake kwenye sahani yake ama amefiwa ama amegombana. Nikafunga mlango wa chumba cha kulala nikiwa sijafiwa na sijagombana.

Papa Riziki aliniletea chakula mlangoni, akagonga, akarudi nyuma.

"Sasa uko kama kile kichaka cha Musa," alisema kutoka korido. "Unawaka, na mutu hana ruhusa ya kukaribia."

"Musa alivua viatu. Wewe vua ile soksi, nitaona miguu kutoka hapa."

Akavua, akainua mguu mmoja, akashikilia ukuta, akauonyesha kwangu kutoka mbali. Nikajaribu kuona katikati ya vidole. Tulicheka wote wawili. Huo ulikuwa wema mdogo, na niliutunza siku nzima.

Lakini jioni Moraa alikuja kusaidia. Nilisikia funguo zake zikiwekwa mezani. Nilisikia kifuniko cha sufuria yangu. Kina mlio wake, kimepinda upande mmoja. Nilisikia mwiko ukisonga ugali kwa haraka kuliko mkono wangu. Kisha nikasikia watu watatu wakila sebuleni. Riziki akasema jambo kwa Kiingereza, Moraa akamjibu kwa Kiingereza, wakacheka, na mimi nilikuwa na kuku wangu kwenye sahani ya karatasi, upande wa pili wa ukuta.

Baadaye nikamsikia Moraa akisema, "Haya, leta kidole."

Nikafungua mlango kidogo. Walikuwa kwenye kochi. Alikuwa ameushika mkono wa mume wangu, kiganja kimetazama juu, kama mtu anayesoma bahati.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Umenawa au umepangusa na suruali? Ukiwa umeshika chungwa, hii mashine itasoma chungwa."

"Donc, basi mashine haina akili kunipita."

"Si hapo katikati, Baba Riziki! Hapo katikati ndio unashikia vitu, utaumia siku mzima. Pembeni. Pembeni ya kidole. Ona?"

Papa Riziki akaguna kidogo, akacheka. Riziki alikuwa amelala na kichwa chake kwenye paja la Moraa.

Nilisimama pale mlangoni. Kati yangu na wao kulikuwa na zulia, na kwenye zulia dubu wa kuchezea wa mtoto. Hatua chache. Nisingeweza kuzipiga. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mwili wangu ni hatari kwa binti yangu, kwa hiyo nilisimama kwenye kizingiti cha nyumba yangu, nikamtazama mwanamke mwingine ameshika sukari ya mume wangu kwa mkono mmoja na nywele za mtoto wangu kwa mwingine. Hakuna aliyekuwa anafanya kosa. Hilo ndilo lililoniuma. Ningekuta kosa ningepiga kelele.

Moraa aliinua macho akaniona. "Mama Riziki, rudi ndani kidogo, mtoto yuko hapa," alisema, kwa upole.

Nikarudi.

Nilipotoka chumbani siku zilipotimia, neno la kwanza nililosema lilikuwa Buffalo.

"Donc tunahama tena," Papa Riziki alisema. "Juu ya nini?"

"Kuna kazi."

"Huku hakuna kazi?"

"Kuna yale maporomoko ya maji karibu."

"Tangu lini unapenda maji yenye kuanguka?" Akanitazama. "Na nani atakuwa anatuangalia? Huku tuko na Moraa."

"Ndiyo," nikasema. "Huku tuko na Moraa."

Sijui alielewa kiasi gani. Jumamosi iliyofuata alianza kutafuta maboksi.

Buffalo ilitupokea na theluji. Papa Riziki alipata kazi kwenye kiwanda cha vyakula. Mimi nikapata ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee huko Amherst, nikipanda mabasi mawili. Sukari ya mume wangu ilirudi kwangu, kwa maana kwamba Moraa hakuwepo. Kipimo kilirudi kwenye droo. Mimi sikukigusa, kilikuwa na mikono yake.

Na sasa ugonjwa ukageuka. Tezi ilikuwa imekufa, na mwili uliokuwa unawaka ukaanza kuzima. Niliyekuwa nikilala na dirisha wazi nikawa nafanya kazi karibu na mashine za kukausha, nimevaa koti, meno yakigongana. Uso ukavimba. Nywele zikabaki kwenye kitana. Kwenye chumba cha kusubiri niliwaonea wivu wanawake wanaovua makoti na kujipepea kwa karatasi. Kule Louisville niliwaonea wivu wenye masweta. Wivu wangu ulihama pamoja nami.

Daktari wa Buffalo alikuwa mpole. Aliniandikia kidonge kidogo cha kuchukua nafasi ya tezi, cha kila siku, cha maisha. Mfasiri akasema kwenye simu: "Meza asubuhi, kabla ya kula." Tukaitikia wote wawili.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikasikia kijiko kikikoroga. Papa Riziki alikuwa jikoni, bado giza nje, anapika uji: soya, mahindi, ulezi, na maziwa mengi. Huyu ni mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akiwasha jiko. Akaniletea bakuli kitandani, na kidonge kwenye kiganja.

"Wamesema kabla ya kula," nikamkumbusha.

"Ndiyo. Hujakula. Huu ni uji." Akaketi pembeni ya kitanda. "Mutu mugonjwa hawezi kumeza dawa na njaa. Itamuchoma tumbo."

Alikuwa na haki, kwa jinsi tulivyokulia. Kwetu uji hauhesabiwi kuwa chakula; ni kitu cha kutengeneza tumbo ili dawa ipate pa kukaa. Kambini wagonjwa walipanga foleni ya dawa na kikombe cha uji mkononi. Na vidonge vyake mwenyewe si tulikuwa tukivimeza katikati ya sahani, miaka yote? Kwa hiyo nikameza changu kwa uji, pamoja na kile chekundu cha kuongeza damu nilichopewa pia, na yeye akameza chake, bakuli moja, vijiko viwili.

Kila asubuhi aliamka kabla ya zamu yake kunipikia. Siwezi kueleza uji ule ulikuwa na maana gani kwangu. Moraa alimfundisha mambo mengi, lakini hakuwahi kupikiwa uji na mume wangu. Nilikuwa nimeshinda. Nilikunywa ushindi wangu ukiwa moto, nikaacha kidogo ndani ya bakuli kwa ajili ya Riziki.

Na nikazidi kuugua.

Damu ilipimwa, dozi ikaongezwa. Ikapimwa tena, ikaongezwa tena. Daktari akauliza, kwa upole uleule, kama kuna siku ninaruka kidonge.

Mfasiri alipotafsiri, Papa Riziki alisimama. "Mwambie mimi mwenyewe ndiye namupatia! Na mkono huu!"

Kwenye basi akasema, "Tumuulize Moraa."

"Hapana."

"Kuuliza tu."

"Nimesema hapana. Unataka sauti yake?"

Hakurudia tena. Tulitazama theluji mpaka nyumbani.

Mwezi wa Februari, baridi yetu ya pili Buffalo, nilikuwa na siku ya mapumziko. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya nyumba mchana na kumpokea Riziki akishuka kwenye basi la shule. Alikuwa chekechea, dereva haruhusiwi kumwacha bila mtu mzima. Nilivaa koti mapema. Nikaketi kwenye kochi kupumzisha miguu kidogo.

Kilichoniamsha ni ufunguo mlangoni. Papa Riziki aliingia na mtoto, wote wawili na theluji mabegani. Basi lilisimama, likapiga honi, likasubiri, likamrudisha shuleni. Shule ilinipigia mimi, nikiwa nimelala. Ikampigia yeye, akaacha zamu. Riziki hakulia. Aliniambia kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akiwa na hasira, kwamba aliniona dirishani. Alikuwa ndani ya basi, akaniona kwenye kochi nimevaa koti, akapiga kioo kwa mkono. Sikugeuka.

Akaenda kumkumbatia dubu wake.

Papa Riziki alitoa simu mfukoni. "Leo nampigia Moraa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie."

"Nipe," nikasema. "Nitapiga mimi."

Unaona? Hata hapo, uso umevimba, mtoto amenipa mgongo, sikutaka sauti zao mbili zikutane.

"Halo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Kaka, umekosea namba."

"Mama Riziki."

"Haiya!" Moraa akasema. "Hiyo ndiyo sauti yako? Nilidhani ni mwanaume anatafuta kazi. Aki, imekuwa nzito hivyo tangu lini? Mwaka mzima hamnipigii. Baba Riziki naye, simu yake iliingia maji?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hajawahi kumpigia. Mwaka mzima, na mimi nikilala na simu yake karibu na sikio langu. Nilifurahi kuliko nilivyostahili, katika siku ile.

"Nilidhani umenikasirikia," Moraa akasema.

"Nimekukasirikia."

"Sawa. Utaendelea tukimaliza. Kidonge unameza saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla ya kula."

"Na maji?"

"Na uji."

"Uji gani?"

"Wa soya. Na maziwa. Papa Riziki ananipikia."

"Na ile ya damu, unakunywa saa ngapi?"

"Pamoja."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama Riziki. Hicho kidonge hakitaki mtu. Ukikimeza na maziwa, na soya, na ile ya damu, vinakishika huko tumboni, hakifiki mahali. Kila asubuhi unameza, na kila asubuhi ni kama hujameza. Maji peke yake, umeskia? Halafu ungoje saa moja ndio ule. Ile ya damu iende mchana, mbali kabisa. Na umwambie daktari leo, kwa sababu dozi wameipandisha juu ya uji. Ukiacha uji bila kumwambia, itakuwa nyingi, moyo utaanza tena kukimbia. Sema tena."

Nilisema tena. Nilipokata simu nilikaa nayo mkononi. Alikuwa ameninyang'anya hata uji.

Nilipomweleza Papa Riziki, aliketi chini kwenye zulia.

"Donc ni mimi nilikuwa nakugonjwesha."

"Si wewe. Ni uji."

"Uji ni mimi," alisema.

Ilikuwa kweli.

Tulimpigia daktari, akapunguza dozi, akasema damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Asubuhi iliyofuata nikaamka, nikameza kidonge kwa maji baridi, peke yangu, kama mtu asiye na kwao. Kisha nikasikia hatua. Nilimkuta jikoni amesimama mbele ya jiko lililozimwa, ameshika mwiko.

"Nimeamka tu," alisema. "Mwili umezoea. Sasa nifanye nini saa nzima?"

Nikamtazama. Naye alikuwa hajala. Nikakumbuka kwamba sukari ya asubuhi hupimwa hivyohivyo, kabla ya kitu chochote kuingia tumboni. Nikaenda kwenye droo, nikatoa kile kipimo.

"Nawa mikono," nikasema. "Usipanguse kwa suruali."

Akanawa kwa maji ya moto. Tukaketi kwenye meza.

"Leta kidole."

Akaleta, amekunja uso tayari, na akaelekeza katikati.

"Pembeni," nikasema. Neno lilikuwa la Moraa. Nililitumia hivyohivyo, neno likiingia kwenye nyumba yangu ni langu. Nikamchoma. Tone likatoka, duara, jekundu. Tukainamia ile mashine pamoja, vichwa vikigusana, mpaka namba ikatokea. Kisha nikamwosha miguu kwa sababu muda ulikuwepo. Saa ilipokwisha akakoroga uji, maziwa nusu ya yale ya mwanzo, tukaunywa kwenye bakuli moja, na vidonge vyake vikaingia katikati, mahali pake.

Baada ya wiki sita damu yangu ilikuwa imeanza kurudi. Theluji ilipoyeyuka sauti yangu ilikuwa ya mwanamke tena. Siku moja kliniki nilisikia joto, nikavua koti, na mama mmoja aliyejikunyata kwenye kona akanitazama kwa jicho ninalolijua vizuri. Nikamsogelea, nikamuuliza kidonge anameza na nini.

Nyayo bado zinaniwasha. Nimesikia habari za mji mwingine, wenye jua. Bado namkumbuka ndakala wa Uvira aliyekaangwa mpaka anavunjika, na nikila hapa nasema si yeye. Lakini sijasema neno la kuhama; kwanza nimalize kupimwa.

Moraa hupiga simu Jumamosi. Hunipigia mimi. Huuliza habari za koo, za moyo, za usingizi, na mimi humjibu yote, kwa sababu yeye ni nesi na mimi si mjinga. Mwishoni huuliza lile analolisubiri.

"Na sukari ya Baba Riziki, leo asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Ilikuwa nzuri."

"Nzuri ni ngapi?"

"Nzuri ni nzuri, dada yangu."

Hucheka, na najua meno yake yote yanaonekana. Namba ninayo. Tunaijua mimi, mume wangu, na Mungu. Na kama kuna siku itapanda, yeye ndiye nitakayempigia kwanza, na nitampigia mimi mwenyewe.